UZI: Mtego wa askari mtandaoni, ni lini unanasa mhalifu na ni lini unamtengeneza?

KaraniMstaafu (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Mpwa wangu anayesoma mwaka wa pili wa sheria alinijia wiki iliyopita na swali ambalo nimeona likijibiwa kwa haraka mno, humu na kwingineko. Aliniuliza: askari akifungua akaunti ya bandia, akajiita jina lisilo lake na kuweka picha isiyo yake, kisha akazungumza na mtu mpaka mtu huyo akatenda kosa au akafunga safari kwenda kulitenda, je, kesi hiyo itasimama mahakamani? Kabla sijafungua kinywa, rafiki yake aliyekuwa ameketi naye kibarazani akadakia kwamba askari akiulizwa "wewe ni askari?" analazimika kusema kweli, na akikana basi kesi imekufa hapohapo.

Naanza na hilo la rafiki ili tuliondoe njiani. Hakuna kanuni ya namna hiyo, si Tanzania, si Kenya, si Uingereza, si Marekani. Mpelelezi anaruhusiwa kuficha jina, kazi, umri na sura yake, na anaweza kukana uaskari wake mchana kweupe bila kesi kutikisika. Anayelitegemea swali hilo kama ngao atajikuta kizimbani akisomewa maneno yake mwenyewe, yanayoonyesha kwamba alishuku jambo na bado akaendelea.

Kwa hiyo udanganyifu si shauri. Shauri ni jingine, na wahenga walilitaja bila kukusudia waliposema kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Sheria yote inayohusu mitego ya polisi, katika kila nchi iliyoifikiria kwa makini, ni jitihada ya kuwatenganisha hao wawili. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani, kwa maana tuna neno kutega na tuna neno kurubuni, na mtu hayachanganyi. Anayetega huweka chambo akasubiri. Anayerubuni humfuata mtu, akamlainisha, akarudi tena na tena mpaka moyo uliokuwa umetulia ukageuka.

Nimekuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, na mitego niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa ya rushwa. Mlalamikaji hufika kwa wachunguzi akaeleza kwamba ofisa fulani amemwomba kiasi fulani ili faili lake lisogee. Noti huletwa mezani, namba zake huandikwa moja moja kwenye karatasi, mlalamikaji hutia sahihi, shahidi huru naye hutia sahihi, kisha noti hizohizo hurudi mfukoni mwa mlalamikaji na kupelekwa kwa aliyeziomba. Mahakamani niliipokea bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, nikaigonga muhuri wa kielelezo, na namba zikasomwa kwa sauti huku wakili wa utetezi akizifuatilia kwa kidole kwenye orodha yake. Nilidhani mwanzoni kwamba kesi itaamuliwa na namba zile. Haikuwa hivyo. Kilichogombaniwa kutwa nzima ni nani aliyetaja fedha kwanza, kwa sababu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya 2007, kifungu cha 15, inahesabu kuomba kuwa kosa hata kabla ya kupokea. Ikithibitika kwamba ofisa aliomba, mtego umefanya kazi ya kuthibitisha kosa lililokwisha kutendeka. Ikionekana kwamba mlalamikaji ndiye aliyelazimisha bahasha mezani, hapo kazi ni nyingine.

Sasa, je, kutegwa ni utetezi? Ukiifungua Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, utakuta ajali, kukosea kwa dhati kuhusu jambo lenyewe, ugonjwa wa akili, umri mdogo na kushurutishwa. Kutegwa hakumo. Sheria ya Kenya, Sura ya 63, ambayo ilishonwa kwa uzi uleule wa kikoloni, nayo haikutaja. Anayetaka kulielewa jambo hili inambidi asafiri mbali kidogo, kwenda kwa waliolipigania mahakamani.

Marekani walilianza mwaka 1932, wakati pombe ilipokuwa imepigwa marufuku nchini mwao. Katika kesi ya Sorrells, ofisa aliyejifanya mtalii alimtembelea mtu mmoja wa North Carolina, akamwomba pombe, akakataliwa, akaomba tena, akakataliwa, kisha akagundua kwamba wote wawili walipigana Vita vya Kwanza vya Dunia katika divisheni moja. Wakazungumzia vita. Baada ya kumbukumbu hizo mwenyeji akatoka, akarudi na nusu galoni ya wiski, akauza kwa dola tano. Mahakama Kuu Kabisa ilisema kwamba mtu wa namna hiyo ana haki ya kujitetea kuwa wazo la kosa lilizaliwa kichwani mwa serikali. Mwaka 1958, katika kesi ya Sherman, ilikwenda mbali zaidi: mtoa habari wa polisi alikutana na mshtakiwa kwa daktari aliyekuwa akiwatibu waathirika wa dawa za kulevya, akamlilia kwamba matibabu hayamsaidii na anateseka, akamwomba mara nyingi amtafutie dawa. Mshtakiwa alikwepa, akakwepa, mwishowe akampatia. Hatia ilifutwa. Naomba wasomaji waitazame kesi hiyo kwa utulivu, kwa sababu chambo hakikuwa fedha. Kilikuwa huruma.

Tangu hapo mahakama za shirikisho za Marekani huuliza kama mshtakiwa alikuwa na mwelekeo wa kutenda kosa kabla serikali haijamgusa. Uingereza hawakulifanya kuwa utetezi kabisa. Katika kesi ya Looseley ya mwaka 2001, Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama yao ya mwisho, lilisema kwamba polisi wakizidi mipaka, mashtaka husimamishwa kwa kuwa ni matumizi mabaya ya mahakama yenyewe. Pamoja na rufaa hiyo lilisikilizwa shauri la mtu ambaye wapelelezi walimuuzia sigara za magendo kwa bei ya chini, wakajenga naye urafiki wa biashara, kisha wakaanza kumdai heroini. Yeye aliwaambia kwamba heroini si shughuli yake. Walipozidi kumsukuma aliwatafutia, kama fadhila kwa wale waliomletea sigara. Jaji wa kwanza aliisimamisha kesi, na Malodi wakasema alifanya sawa.

Afrika Kusini ndiyo iliyoliandika waziwazi zaidi. Kifungu cha 252A cha Sheria yao ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kilichoingizwa mwaka 1996, kinasema kwamba ushahidi wa mtego unapokelewa ikiwa mhusika alipewa nafasi tu ya kutenda kosa. Ikiwa walivuka hapo, hakimu anapima mambo yaliyotajwa kwa majina: ni mara ngapi walijaribu kabla hajakubali, walimsukuma kwa kiasi gani, chambo kilikuwa cha namna gani, je, walichezea hisia zake, huruma yake, urafiki au shida zake binafsi. Kwa maoni yangu ndiyo orodha bora kuliko zote kwa mtu anayetaka kuupima mtego wa mtandaoni, ingawa iliandikwa wakati ambapo wengi wetu hatujawahi kuona barua pepe.

Mtandao umebadilisha nini basi? Mtego wa barabarani ulikuwa na gharama. Askari alilazimika kusimama kwenye baridi, kuvaa, kuigiza, na alikutana na watu wachache kwa usiku mmoja. Akaunti moja ya bandia hufikia maelfu bila mtu kunyanyuka kitini, na maofisa wanaweza kupokezana simu moja kwa miezi bila anayeandikiwa kugundua kwamba "rafiki" yake ana zamu tatu. Faragha nayo inaingia, maana watu huandika usiku, peke yao, mambo ambayo wasingeyatamka mbele ya kiumbe. Lakini mtandao huohuo umeleta kitu ambacho sisi makarani wa zamani tungekipokea kwa mikono miwili: kila neno limeandikwa na lina saa yake. Katika kesi za bahasha tulibishana nani aliomba kwanza kwa kumwamini shahidi mmoja dhidi ya mwingine. Katika mazungumzo ya simu jibu liko kwenye mstari, mradi mstari huo uletwe mahakamani.

Naomba michango yenye hoja.

Sina_Huruma

Mzee, kwa heshima zote, nadhani tunawatetea watu wasiostahili. Mtu mwema hata ukimtumia ujumbe elfu moja atakujibu "hapana" mara elfu moja. Aliyekubali amekubali. Kama polisi hawakumshikia bastola, mengine yote ni visingizio vya mawakili.

KaraniMstaafu

Ndugu yangu, hoja yako ina nguvu na majaji wengi wameisema kwa lugha ya kiofisi. Naomba nikupe visa viwili, kisha uniambie kama bado unaisimamia.

Cha kwanza ni cha posta, kabla ya mtandao kuenea, lakini kina umbo lilelile. Ni kesi ya Jacobson, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani mwaka 1992. Mkulima wa Nebraska aliagiza mwaka 1984 majarida mawili yenye picha za wavulana walio uchi, wakati ambapo kuyanunua kwa posta kulikuwa halali. Sheria ikabadilika muda mfupi baadaye. Wakaguzi wa posta walikuta jina lake kwenye orodha ya wateja wa duka lililomuuzia, na kwa miezi 26 idara mbili za serikali zilimwandikia kupitia jumuiya tano za uongo na rafiki wa kalamu ambaye hakuwapo. Barua hizo hazikumwambia tu "nunua." Nyingine zilijifanya za watu wanaotetea uhuru wa kusoma na kupinga serikali kuchungulia vyumba vya watu. Hatimaye aliagiza jarida moja, akakamatwa. Nyumba ilipopekuliwa, hakikupatikana chochote cha aina hiyo isipokuwa yale majarida mawili ya zamani na makaratasi ambayo serikali yenyewe ilikuwa imemtumia. Hatia ilifutwa kwa kura tano dhidi ya nne, na sababu ndiyo hii: serikali ilitakiwa kuthibitisha kwamba mwelekeo wake ulikuwapo kabla ya barua zake, wala usiwe mwelekeo ambao barua hizo ziliupandikiza na kuumwagilia kwa zaidi ya miaka miwili.

Cha pili ni cha mtandaoni hasa, kesi ya Poehlman, ambayo mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani, mzunguko wa tisa, iliiamua mwaka 2000. Mwanajeshi wa zamani, ameachwa na mkewe kwa sababu ya tabia zake za faragha ambazo hazikuwa kosa la jinai, anatafuta mwanamke mtu mzima atakayemkubali alivyo. Anajibu tangazo la mwanamke anayejiita Sharon, mama wa watoto watatu, ambaye anasema anatafuta mtu anayeelewa mahitaji ya pekee ya familia yake. Katika barua zake za mwanzo mwanamume huyo anazungumzia ndoa, na kuwa baba wa kambo. Sharon anamjibu kwamba hilo halimtoshi. Anataka mtu wa kuwa "mwalimu" wa watoto wake, na anamfanya aelewe ualimu gani. Kila anapojaribu kurudi kwenye ndoa, Sharon anatishia kukatisha mawasiliano. Baada ya miezi takriban sita ya barua pepe, mtu huyu anasafiri kutoka Florida hadi California na anakamatwa hotelini, mlangoni mwa chumba alichoambiwa watoto wanamsubiri. Alichokwisha kukubali kwa maandishi kinachefua, na sitakirudia hapa. Lakini mahakama ilipozisoma barua zote kuanzia ya kwanza haikupata dalili kwamba wazo hilo lilikuwa lake kabla Sharon hajalileta na kulifanya sharti la upendo wake. Wakaifuta hatia, na jaji aliyeandika hukumu akasema kwamba uhalifu halisi upo wa kutosha katika jamii, hakuna haja ya maofisa kutumia miezi kumvuta mtu mpweke aliyechanganyikiwa avuke mpaka kati ya ndoto na kosa.

Sasa ndugu yangu, unasema mtu mwema angekataa mara elfu. Mimi sijui kama Poehlman alikuwa mtu mwema. Swali ni kama miezi ile sita iliondoa mhalifu mitaani au iliongeza mmoja. Na jambo moja linanikera ninapomsoma Sharon: ofisa aliyejifanya Sharon alikuwa na nafasi nyingi za kuacha. Mtu alipojibu "natafuta mke," mtego uliokusudiwa kwa wenye kuwinda watoto ulikuwa umekwisha kutoa jibu lake.

Mwanahawa_Tanga

Mzee wangu, shikamoo.

Naomba unisaidie kwa jambo lililo karibu nasi. Mwanafunzi anaombwa rushwa ya ngono na mhadhiri wake ili matokeo yake yasogezwe. Anaripoti. Anaambiwa aendelee kuzungumza na mhadhiri kwa WhatsApp kama kawaida, akubali kukutana naye, na wachunguzi wawe karibu na mahali hapo. Kisha mhadhiri anakuja kusema mahakamani kwamba binti alimtega, kwamba ujumbe wa kupanga chumba ulitoka kwa binti. Je, huyu naye atasalimika kwa hoja hizi za Jacobson na Sharon? Kama ni hivyo, basi hoja hizi zinawakinga wakubwa tu.

KaraniMstaafu

Marahaba binti yangu. Swali lako ndilo linalopaswa kuuliziwa kila nadharia ya mtego, kwa sababu nadharia inayomwachia mhadhiri huyo haina faida.

Hasalimiki, na sababu iko ndani ya kifungu chenyewe. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa kinamhusu mtu mwenye mamlaka ambaye, katika kuyatumia mamlaka hayo, anadai au anamlazimisha mtu kumpa upendeleo wa kingono kama sharti la kumpatia haki, nafasi au upendeleo fulani. Kosa hukamilika anapodai. Chumba, soda mbili mezani na wachunguzi walioketi pembeni wakijifanya wanasoma gazeti ni uthibitisho wa kosa lililotendeka siku nyingi kabla, pale alipomwambia binti "alama zako ziko mikononi mwangu." Hata kwa kipimo cha Marekani, mwelekeo ulikuwapo kabla ya serikali kuingia. Hata kwa kipimo cha Afrika Kusini, binti hakufanya zaidi ya kumpa nafasi.

Ila kuna hatari ya kiutendaji, na naomba uipeleke kwa mabinti wengine. Mara nyingi dai la kwanza hufanywa kwa mdomo, ofisini, mlango ukiwa umefungwa, halafu kwenye simu unabaki ujumbe wa binti tu ukisema "sawa, nimekubali, tukutane wapi?" Mbele ya hakimu mazungumzo hayo yanaonekana kana kwamba binti ndiye aliyeanza. Wachunguzi wenye uzoefu huliona hilo mapema, na humshauri mlalamikaji aandike ujumbe unaorejea dai bila kulitia chumvi: "Mwalimu, ulisema jana ofisini kwamba nisipokuja matokeo hayatabadilika, sijaelewa vizuri." Jibu la mhadhiri kwa ujumbe huo lina thamani kuliko picha ya chumba. Huko si kurubuni. Ni kumwuliza mtu arudie alichosema, na hata akijibu "achana na mambo hayo" bado nafasi ya kuacha alipewa.

Msafiri_Markham

Mzee, shikamoo, na wengine nawasalimu. Naishi kaskazini mwa Toronto, katika eneo la York, ambako polisi waliendesha operesheni iliyofika Mahakama ya Juu ya Kanada, na nadhani itawafaa.

Kati ya mwaka 2014 na 2017 polisi wa York walikuwa wakiweka matangazo kwenye Backpage, tovuti ambayo baadaye, mwaka 2018, ilifungwa na serikali ya Marekani. Matangazo yaliwekwa katika sehemu ya huduma za ngono ya eneo letu. Kwa kuwa tovuti haikuruhusu tangazo la mtu aliye chini ya miaka 18, tangazo lilisema 18. Mwanamume alipojibu, walizungumza kidogo kuhusu bei na muda, na katikati ya mazungumzo ofisa aliyekuwa nyuma ya simu akasema kwamba yeye ni mdogo kuliko ilivyoandikwa. Wapo waliokatisha hapohapo. Walioendelea walipewa namba ya chumba cha hoteli, na walipoingia walikamatwa. Kwa miaka minne walikamatwa wanaume 104.

Mawakili walisema: hawa walikuja kutafuta watu wazima, polisi ndio walioleta umri mdogo. Kwa Kanada kipimo kilitoka kesi ya Mack ya mwaka 1988, na kina milango miwili: polisi wasimpe mtu nafasi ya kutenda kosa bila shaka yenye msingi juu yake au juu ya mahali alipo, na hata wakiwa na shaka hiyo wasivuke kumpa nafasi wakafika kumshawishi. Tovuti nzima ni "mahali"? Katika kesi ya Ramelson, mwaka 2022, majaji wote walikubaliana kwamba sehemu ile ya matangazo ya York ilikuwa finyu vya kutosha na polisi walikuwa na msingi wa kushuku kwamba watoto walikuwa wakiuzwa humo. Hatia zikabaki. Lakini waliongeza onyo kwamba mtandaoni namna polisi wanavyotenda inaweza kuwa na uzito sawa na mahali walipotendea, au hata zaidi, na kwamba idadi ya watu wanaoguswa na faragha yao lazima vipimwe.

Kilichonivutia zaidi ni kesi ya mwaka 2020 ya Ahmad, ambayo ilihusu wauza dawa za kulevya kwa simu. Zilikuwa rufaa mbili pamoja. Katika simu moja ofisa alisema ameambiwa mwenye namba anaweza "kumsaidia," na sauti ya upande wa pili ikauliza, "unahitaji nini?" Ndipo ofisa akataja kokeini. Hatia ilibaki, kwa kuwa jibu lile lilimpa shaka yenye msingi kabla ya kuagiza. Katika simu ya pili ofisa aliagiza moja kwa moja, kwa kutaja kiasi cha dola 80, kabla ya mwenzake kusema lolote la kutiliwa shaka. Kesi hiyo ilisimamishwa. Tofauti ilikuwa mpangilio wa sentensi mbili.

Sina_Huruma

Nakiri kwamba kisa cha Sharon kimenipa shida. Lakini hao 104 mimi siwaonei huruma hata chembe. Waliambiwa umri na wakaja.

KaraniMstaafu

Na mimi nakubaliana nawe, ingawa si kwa utulivu kamili. Tofauti kati ya York na Sharon naiona katika kile kinachotokea mtu anapoambiwa ukweli mbaya. York walisema umri waziwazi na wakamwacha mtu aondoke, na wengine waliondoka. Sharon alikuwa akiwarudisha wanaotaka kuondoka. Kinachonitia wasiwasi York ni kwamba tangazo lilivua samaki ambao hawakuwa wakitafuta kilichofichwa ndani yake, na hapo naona majaji walikwenda ukingoni kabisa mwa kinachovumilika.

Ulinganifu mzuri ni simu za ANOM, zilizodaiwa kuwa za siri, ambazo FBI, shirika la upelelezi la Marekani, na polisi wa Australia walizisambaza kwa magenge ya uhalifu wakiwa wao ndio wanaosoma kila kitu, mpaka zilipofichuliwa Juni 2021. Simu zipatazo 12,000, ujumbe milioni 27, watu zaidi ya 800 wakakamatwa. Yako mengi ya kubishania kuhusu faragha pale, na mipaka ya nchi, lakini kurubuni sikuoni. Hakuna aliyemwandikia mwenye simu kwamba aingize shehena. Alikuwa akiwaandikia wenzake shughuli zake mwenyewe.

Wakili_Kisauni

Mzee Karani, hujambo? Naongeza mawili kutoka upande wa Kenya.

Umesema sawa kwamba Sura ya 63 haitaji kutegwa, lakini tangu Katiba ya 2010 tuna mlango mpana kuliko kanuni za adhabu. Ibara ya 50(4) inaagiza ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki yoyote ya msingi uondolewe, ikiwa kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji haki. Ibara ya 31 inalinda faragha, ikiwamo ya mawasiliano. Wakili anayelalamikia mtego huanzia hapo, na aghalabu hutaja kesi ya Koriow Nur ya mwaka 2011 ya Mahakama Kuu, iliyolijadili suala hili. Kwa hiyo swali la Kenya linakuwa la Katiba, na hakimu wa chini anaweza kuliuliza bila kusubiri Bunge.

La pili ni raia wanaojipa kazi ya kuwinda. Vijana wanafungua akaunti za uongo, wanamvuta mtu, wanakwenda kumrekodi na kumrusha mubashara. Watu wengi wanadhani hoja za mtego zinamhusu kila mtu. Marekani utetezi huo unaihusu serikali na wanaotumwa nayo. Raia aliyejituma mwenyewe haumhusu. Uingereza mwaka 2020, katika shauri lililotoka Scotland, Mahakama ya Juu ilikubali ushahidi wa mwindaji aliyejifanya mvulana wa miaka 13, ikasema mtu anayemwandikia mtoto mambo yale hana faragha ya kulindwa katika maandishi hayo. Lakini msidhani njia hiyo ni salama. Huko Murphy, Texas, mwaka 2006, kituo kikubwa cha televisheni, kundi la raia na polisi waliendesha mtego wa pamoja. Mshukiwa mmoja, ambaye alikuwa mwendesha mashtaka, alijipiga risasi polisi walipoingia nyumbani kwake, na mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti akakataa kuwashtaki wanaume zaidi ya 20 walionaswa. Waliowekwa mbele ya kamera waliaibika; mahakamani hawakufika.

Na kwetu pwani, mwindaji akidai fedha ili asirushe video, amekwisha kutenda kosa lake mwenyewe, hata kama aliyenaswa ni mchafu kiasi gani.

Mwanahawa_Tanga

Ahsante Mzee, na ahsante Wakili. Nina swali dogo la mwisho. Binti akipiga picha za skrini za mazungumzo akazipeleka, zinatosha?

KaraniMstaafu

Zinatosha kuanzisha uchunguzi. Kwa kesi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 18, inamtaka hakimu apime jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotumwa kwa namna ya kuaminika, kama haukuguswa, na jinsi aliyeutuma anavyotambulika. Picha ya skrini hukatwa kirahisi juu na chini. Simu yenyewe, mazungumzo yote tangu salamu ya kwanza, na hati ya ukamataji inayoonyesha nani aliishika na lini, ndivyo vinavyobeba mzigo. Asifute kitu, hata ujumbe unaomfedhehesha yeye mwenyewe, kwa sababu pengo humsaidia mshtakiwa kuliko fedheha.

Nakumbuka kesi moja, ya fedha na si ya ngono, ambamo mazungumzo yalichapishwa vizuri kwenye karatasi, kurasa kumi na kitu, zimebanwa na kugongwa mihuri. Nilizipokea mimi. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, ulikuwa ujumbe wa mtoa habari kwa mshtakiwa, nao ulianza hivi: "Sasa kaka, lile nililokuomba jana umeamuaje?" Wakili wa utetezi alisimama, akausoma mstari huo polepole, kisha akamwuliza mpelelezi swali moja tu: jana iko wapi? Mpelelezi akageuka kumtazama mwendesha mashtaka, mwendesha mashtaka akanitazama mimi kana kwamba nimeificha chini ya meza, na hakimu akaweka kalamu yake chini akisubiri.